Sura ya Sita: Kosa Linalosafiri

Kata vipande vinane vya kitambaa, kila kimoja inchi mbili kwa mbili, uviunganishe kwa cherehani viwe mstari mmoja. Ukiacha nafasi ya mshono ya robo inchi, kama ilivyo desturi ya washonaji wa mifarishi ya viraka, mstari wako utatoka na urefu wa inchi 12 na nusu: inchi 12 za kuonekana, na robo inchi kila mwisho inayosubiri mshono wa jirani. Sasa shona mstari wa pili, ila safari hii sindano iingie ndani milimita moja zaidi. Kila mshono utakula milimita moja kutoka kipande cha kushoto na nyingine kutoka cha kulia. Mishono ni saba. Mstari wa pili utapungua milimita 14, yaani zaidi ya nusu inchi, na ukiukagua mshono mmoja mmoja huoni ubaya popote.

Linganisha na bloku ya vipande tisa, ile anayoanza nayo kila mwanafunzi: vipande vitatu kwa vitatu, kila kimoja kimekatwa inchi nne na nusu. Nayo inatakiwa itoke inchi 12 na nusu. Kwa kosa lilelile itapungua milimita nne tu, kwa kuwa kila safu ina mishono miwili. Uweke mstari ule wa pili ubavuni mwa bloku hii, tofauti ni sentimita nzima. Hapo ndipo mshonaji anapoanza kuvuta huku, kukunja kule na kulazimisha kwa pini, na mfarishi ukitandikwa kitandani unafanya mawimbi.

Nimeanza na hesabu kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa kuhusu makosa ya kushona ni wa tabia: vumilia, usijilaumu, fumua uanze upya. Sina ugomvi na uvumilivu. Lakini mbele ya bloku iliyokosewa swali lenye faida ni lingine. Kosa hili litabaki hapa lilipo, au litahamia kwenye mshono unaofuata? La kwanza ni suala la macho, na macho ni ya mwenye kazi. La pili ni deni, na kila kipande utakachoongeza kinalikuza.

Kwa nini robo inchi, jambo linalowashangaza mafundi wa nguo? Fundi akishona gauni huacha kitambaa cha kutosha ndani, mteja akinenepa mwaka kesho mshono uachiwe. Mfarishi una mamia ya mishono, pengine maelfu, na kila mshono ni kitambaa mara mbili kinachoficha unene chini. Ikiachwa nafasi ya fundi wa gauni, mgongo wa kazi ungejaa matuta na sindano ya kudarizi tabaka zote tatu isingepita. Kwa hiyo inaachwa milimita sita na ushee, na ndani yake hamna cha kuachia. Kipande kikiwa kifupi, basi ni kifupi.

Zamani makosa yalikaa mahali pengine. Mwanamke wa Marekani wa karne ya 19 aliyeshona kwa mkono alikuwa na kielelezo cha karatasi ngumu au bati. Alikilaza juu ya kitambaa, akachora kwa penseli mstari wa kushonea, kisha akakata kwa mkasi nje ya mstari huo kwa kukadiria. Mkato ukienda upogo hakuna neno, kwani sindano ilifuata penseli, haikufuata ukingo. Cherehani haina subira ya namna hiyo: unalinganisha kingo mbili na kusukuma, hivyo ukingo uliokatwa vibaya unazaa mshono mbaya. Mwaka 1979 kampuni ya Olfa ya Japani ilitoa kisu cha gurudumu, kile kinachobingirishwa kando ya rula, na katika miaka iliyofuata washonaji wengi wakaacha vielelezo. Kazi ikaenda mbio. Kosa nalo likahama kutoka kwenye sindano likaingia kwenye rula: ukiisoma vibaya mara moja unakata tabaka nne au sita za kitambaa kwa mpigo, zote mbovu kwa kipimo kilekile.

Pana jambo moja linalowaokoa wengi bila wao kujua. Mtu anayekosea sawasawa kila mara, katika mfarishi wa bloku za aina moja, hapati tabu. Bloku zake zote zitapungua milimita nne, zitakutana vizuri, na kitanda hakitajua. Anayeumbuka ni mwenye kushona bloku za aina mbalimbali, maana kila moja ina idadi yake ya mishono, na upungufu wake pia ni wa kwake. Ndiyo maana mfarishi wa Jane Stickle, wa jimbo la Vermont, bado unawatoa watu jasho. Aliukamilisha mwaka 1863, Wamarekani wakiwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, na kwenye kona akatarizi kwa uzi tarehe hiyo, jina lake na idadi ya vipande: 5,602. Una bloku 169, kila moja mchoro wake, kila moja yapata inchi tano tu. Sasa umo katika Jumba la Makumbusho la Bennington. Baada ya Brenda Papadakis kuchapisha michoro yake mwaka 1996, watu wa nchi nyingi wamejaribu kuushona upya, na wengi wanagundua katikati ya kazi kwamba robo inchi yao haikuwa robo inchi.

Kuijua yako ni kazi ya dakika kumi. Kata vipande vitatu virefu vyenye upana wa inchi moja na nusu kila kimoja, uvishone ubavu kwa ubavu, upige pasi. Pima kile cha katikati. Lazima kiwe inchi moja kamili, kwa kuwa mishono miwili imekula robo na robo. Kikipungua, sogeza kitambaa kushoto kwa upana wa uzi mmoja ujaribu tena. Usiuamini ukingo wa mguu wa cherehani kabla ya kuupima, maana upana wa mguu hutofautiana mashine na mashine. Ukishapata kipimo, bandika utepe wa gundi kwenye bamba la mashine, uwe ndio reli yako. Utagundua pia kwamba mshono sahihi unakuwa mwembamba kidogo kuliko robo inchi ya kwenye rula, kwa sababu kitambaa kikikunjwa kuelekea upande mmoja mkunjo wenyewe unachukua nafasi. Kitenge kizito kinachukua zaidi ya pamba nyepesi. Na kitenge kipya kifuliwe kwanza. Kina wanga, na kingine hurudi sana kikiingia majini. Kikirudi kikiwa tayari kimeungwa na kitambaa kisichorudi, huna pa kufumua.

Pembetatu zina ubaya wao. Ukikata mraba kwa ulalo, upande mrefu unaopatikana uko mshazari wa nyuzi, na mshazari unavutika. Mtu anaweza kukata barabara, akashona barabara, kisha akaharibu kila kitu kwa pasi, akiisukuma mbele na nyuma kama anayenyoosha shati. Katika kazi hii pasi hukandamizwa, huinuliwa, hukandamizwa tena. Mwenye hofu na mshazari hufanya hivi: hulaza miraba miwili uso kwa uso kabla ya kukata, huchora ulalo, hushona robo inchi pande zote mbili za mstari, ndipo hukata juu ya mstari. Inatoka miraba miwili, kila mmoja wa pembetatu mbili zilizokwisha kuungwa, na mshazari haukuguswa wazi hata mara moja.

Hapo inaingia namba inayowasumbua wanafunzi na, niseme ukweli, waandishi wa vielelezo pia: inchi saba ya nane. Kipande cha mraba unakiongezea nusu inchi juu ya saizi inayotakiwa kuonekana, robo kila upande. Mraba utakaokatwa kwa ulalo upate pembetatu mbili unauongezea saba ya nane, kwa sababu upande wa ulalo nao unadai robo yake, na robo ya kwenye ulalo ukiipima kwenye ubavu inakuwa 0.354 ya inchi. Jumlisha nusu, unapata 0.854, inayofuata kwenye rula ni saba ya nane, yaani 0.875. Kwa mraba utakaokatwa kwa milalo miwili upate pembetatu nne, nyongeza ni inchi moja na robo. Sasa kielelezo kikikuambia ukate miraba ya inchi tatu na nusu upate pembetatu za inchi tatu, aliyekiandika ametumia hesabu ya mraba mahali pa pembetatu. Si wewe uliyekosea, na ukifumua mara saba bloku haitatoka.

Vielelezo hukosewa zaidi ya watu wanavyodhani. Gazeti la Kansas City Star lilichapisha michoro ya bloku kuanzia 1928 hadi 1961, zaidi ya elfu moja kwa jumla, na wasomaji waliikata gazetini wakaibandika kwenye karatasi ngumu. Karatasi hiyo, ikipitiwa na penseli mara mia, inalika pembeni, hivyo kipande cha mia si sawa na cha kwanza. Siku hizi kielelezo kinatoka kwenye printa, na tatizo lake lina sura nyingine. Mwandishi Mmarekani ameupanga ukurasa kwa karatasi ya kwao yenye upana wa milimita 216, wewe una A4 yenye milimita 210, na printa kwa wema wake inapunguza kila kitu ili kiingie. Kielelezo kizuri huwa na kiboksi cha inchi moja pembeni. Kipime kwa rula kabla ya kugusa kitambaa, na kama hakilingani, kichapishe kielelezo upya kwa asilimia 100.

Na kabla ya kukata kitambaa chote, kikague kielelezo kwa kutoa na kujumlisha. Chukua safu moja ya bloku. Kila kipande cha mraba au mstatili toa nusu inchi. Kila mraba wa kukatwa pembetatu mbili toa saba ya nane. Jumlisha. Jibu liwe saizi ya bloku iliyoahidiwa. Bloku ya inchi 12 yenye safu ya vipande vitatu vya inchi nne na nusu inatoa nne, nne na nne. Ukiona safu inatoa 11 na robo, kuna mtu ameandika nne na robo mahali pa nne na nusu. Kisha shona bloku moja tu, ya kitambaa usichokionea uchungu. Huwa nawashangaa watu wanaoshona vipande 48 mfululizo kama treni, bila kukata uzi kati yao, kabla hawajapima hata kimoja. Mbinu yenyewe ni nzuri na inaokoa uzi, ila inataka kichwa cha treni kiwe kimekaguliwa.

Hakuna bloku inayolipiza kosa linalosafiri kama ile nyota kubwa ya ncha nane ambayo Wamarekani wanaiita Lone Star. Imejengwa kwa vipande vya umbo la almasi, safu juu ya safu, na almasi nane kubwa zinakutana katikati kwa pembe ya nyuzi 45 kila moja. Nane mara 45 ni 360, duara kamili, kitambaa kinalala. Kila almasi ikizidi nyuzi moja, jumla inakuwa 368, na hizo nane za ziada hazina pa kwenda ila juu. Katikati ya nyota panavimba, na vile vipande vya mshazari vinavyonyumbulika vinavimbisha zaidi. Wapo wanaotumaini kwamba kudarizi tabaka tatu pamoja kutaubana uvimbe huo. Kunaubana, ndiyo, kwa kuugeuza mikunjo. Nyota ya namna hii inapimwa almasi moja moja, ikilazwa juu ya mchoro wa pembe 45, kabla ya kuunganishwa na mwenzake.

Kufumua kwenyewe kuna namna yake. Mafundi wengi wa kwetu hutumia wembe, na mkono uliozoea unaweza. Lakini mshono wa robo inchi ukitobolewa umekwisha, basi heri kile kichokonoo chenye ncha mbili kinachouzwa pamoja na sindano. Usiupanue mshono ukaukata katikati kama anayefungua gunia. Kata mshono mmoja kati ya kila mitatu au minne, upande mmoja tu wa kitambaa, kisha geuza uvute uzi wa upande wa pili. Utatoka mzima. Ondoa nyuzi, piga pasi, na upime kipande upya, kwa sababu kufumua nako kunavuta. Kipande cha mshazari kilichofumuliwa mara mbili mimi nisingekirudisha, kata kingine.

Makosa yanayotulia ni habari nyingine kabisa. Chukua miraba minne, kila mmoja nusu nyeusi nusu nyeupe kwa ulalo. Ipange kwa namna moja, inakuwa Pinwheel, mfano wa pangaboi. Zungusha kila mraba robo mzunguko, haiwi tena pangaboi, inakuwa bloku nyingine kabisa. Kipimo hakikubadilika hata uzi mmoja. Mraba uliogeuka hauisumbui bloku ya jirani, na kama jicho lako linauridhia, mwenye neno ni nani? Kama haliridhii, tafuta mapema: piga picha ya bloku zote zikiwa zimetandazwa sakafuni, uitazame kwenye simu ikiwa ndogo, hasa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Mraba ulioinamia upande usio wake unajitokeza mara moja, ilhali ulipokuwa umeupigia magoti hukuuona.

Ncha za pembetatu zilizoliwa na mshono ziko katikati ya aina hizi mbili. Ncha moja iliyoliwa ni ya macho tu. Zikiliwa zote katika safu moja, ni dalili kwamba bloku imepungua na umeilazimisha kulingana na jirani yake. Upande wa nyuma wa kitambaa, pale mishono miwili inapopishana kwenye ncha, utaona alama ya X. Sindano ipite juu ya makutano ya X, au upana wa uzi mmoja kuelekea ukingoni, ncha itabaki.

Kuna hadithi inayosimuliwa sana kwamba wanawake wa zamani, hasa Waamishi, walitia kosa moja kwa makusudi katika kila mfarishi, kwa kuwa ukamilifu ni wa Mungu peke yake. Watafiti wa historia ya mifarishi wameitafuta desturi hiyo katika maandishi ya zamani bila kuiona; inaanza kuchapishwa karne ya 20. Mimi naiona hadithi ya wauzaji wa vitu vya kale, na ina kiburi kidogo ndani yake: anayetia kosa moja makusudi anadai kwamba mengine yote aliyapatia.

Wanaotajwa zaidi kila mazungumzo ya makosa yanapofika hapa ni wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha uzao wa watumwa kwenye kona ya Mto Alabama. Mwaka 2002 mifarishi yao iliyotokana na suruali za kazi na magauni yaliyochakaa ilioneshwa Houston, kisha katika jumba la Whitney jijini New York, na 2006 ikawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Mistari inapinda, pembe hazikutani, na watu wakasema: tazama, kosa ni sanaa. Nadhani hawakutazama namna kazi ilivyojengwa. Katika mtindo wanaouita Housetop unaanza na kiraka cha katikati, unashonea kipande kirefu ubavuni, unakikata pale kazi inapoishia, unageuza, unashonea kingine. Kila kipande kinakatwa kufuata kilichokwisha kushonwa, si kufuata namba ya kitabuni. Kupinda kwa kipande cha pili kunapokelewa na cha tatu. Kosa linajitokeza lakini halisafiri, na mfarishi unalala kitandani bila mawimbi.

Mantiki hiyohiyo iko ng'ambo ya bahari yetu. Wasidi wa Karnataka, India, ambao mababu zao walivuka kutoka Afrika, wana mfarishi wao wa viraka uitwao kawandi. Mwanamke anatandaza kitambaa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, anaanza kwenye kona na kushona viraka kwa mkono akizunguka ukingoni kuelekea ndani, mpaka anafika katikati. Hakuna bloku wala saizi ya kutimiza. Kiraka kinachofuata kinakatwa au kukunjwa kutosha pengo lililobaki, kwa hiyo swali la kiraka kupungua halizuki. Mwishoni hutia vikunjo vya kitambaa kwenye kona nne, wanaviita maua.

Mwenye kushona kwa bloku anaweza kuazima akili hiyo bila kuacha bloku zake. Tuseme umemaliza bloku ishirini, nyingine zina inchi 12 na nusu, nyingine 12 na robo, mbili hazifiki hata hapo. Kuzikata zote zilingane na ndogo kuliko zote kutakula ncha za nyota nzuri. Badala yake, zungushia kila bloku fremu ya kitambaa kimoja, pana kuliko unavyohitaji, inchi mbili hivi, kisha zikate zote kwa rula zitoke inchi 15. Fremu za bloku ndogo zitabaki nene kidogo na za kubwa nyembamba kidogo. Chagua kitambaa chenye maua yaliyotawanyika, maana cha rangi moja au cha mistari kitaonesha tofauti hiyo waziwazi.

Na ikiwa kosa limeonekana baada ya tabaka tatu kuungwa na kudariziwa, usifumue mfarishi. Mraba uliogeuka unafunikwa: kata kipande kingine cha saizi yake pamoja na milimita sita kila upande, kunja kingo ndani kwa pasi, kiweke juu ya kilichokosewa na kukishona kwa mkono kwa mishono midogo inayojificha ukingoni, kisha rudishia mistari ya kudarizi juu yake. Bloku iliyokataa kabisa iingize kwenye kitambaa cha mgongoni, au iweke kando ya cherehani: utahitaji kitu cha kujaribia mkazo wa uzi kabla ya kuanza mfarishi mwingine.